Risasi na Maganda katika Bunduki za Masafa Marefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wapiga shabaha na wawindaji wenye leseni. Maswali ni yale yale yanayorudi kila msimu wa mashindano, na mengi huanza kwa kuilaumu darubini au mtutu, ilhali jibu limelala chini kwenye nyasi, pale ganda lilipodondoka. Ombi letu ni moja: usiondoke uwanjani bila maganda yako.

Humu ndani "risasi" ni kitu kizima kinachoingia chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu. Kile kinachoruka tutakiita "kichwa". Sehemu za ganda tutazitaja kuanzia juu: mdomo, shingo, bega, mwili na kitako, na fataki, inayowasha baruti ikigongwa na pini, ndiyo ile iliyopachikwa katikati ya kitako.

## Mambo ya msingi

Ganda lina kazi gani zaidi ya kubeba baruti?

Kazi yake kubwa ni kuziba. Baruti ikiwaka, ganda linatanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, gesi isipate njia ya kurudi usoni kwako. Shinikizo likishuka, linanywea kidogo tu, kiasi cha kuweza kuvutwa nje. Yote hayo hutokea kabla hata bega lako halijahisi teke la bunduki.

Ndiyo maana hutengenezwa kwa shaba ya manjano yenye takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo hutanuka bila kupasuka, kisha hurudi. Ganda moja pia halina ugumu mmoja: kitako ni kinene na kigumu, shingo ni nyembamba na laini. Kiwanda kikikosea mpangilio huo, ganda litapasuka juu au litalegea chini hata kama kwa macho linang'aa kama jipya.

Mbona risasi zangu zinapiga vizuri mita 100, lakini yadi 1,000 zinatawanyika?

Kwa sababu mita 100 huficha makosa ya kasi. Chukua bunduki ya kaliba ya .308 inayorusha kichwa cha greni 175 (greni ni kipimo cha uzito) kwa kasi ya kama mita 790 kwa sekunde. Risasi moja ikitoka pungufu kwa mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 100 tofauti ni kama milimita mbili, ndogo kuliko tundu lenyewe. Kwenye yadi 1,000, yaani mita 914, risasi hiyohiyo huangukia chini ya wenzake kwa sentimita 30 hivi. Shabaha ya masafa marefu inayotumika kwenye mashindano ya Camp Perry, Marekani, ina duara la pointi 10 lenye upana wa inchi 20, kama sentimita 51. Zaidi ya nusu ya duara imekwisha kabla upepo haujasema neno.

Angalia umbo la mtawanyiko. Matundu yakitawanyika kwenda kushoto na kulia, huo mara nyingi ni upepo, na wa kulaumiwa ni wewe. Yakipanda na kushuka ilhali umelala vizuri na pumzi umeituliza, shuku risasi: baruti isiyo sawa, mshiko wa shingo usio sawa, au fataki zisizowaka kwa nguvu moja.

Risasi yenye kasi zaidi si ndiyo bora kwa masafa marefu?

La. Bora ni zile zinazofanana. Risasi 20 za kasi ya wastani zinazotoka karibu kwa kasi moja zitashinda risasi 20 za kasi kubwa ambazo kila moja ina hesabu yake. Darubini unaweza kuipandisha ikufidie risasi ya polepole. Hakuna darubini ya kufidia risasi isiyojulikana itafanya nini. Isitoshe, kasi ya ziada hulipiwa na ganda, kama utakavyoona kwenye maswali ya kitako na fataki.

Risasi za kijeshi za 7.62 zinafaa kwenye bunduki ya .308?

Kwa nje zinakaribia kufanana kabisa. .308 iliingia sokoni 1952, na 7.62 × 51 ikakubaliwa na NATO miaka michache baadaye. Tofauti mbili ndizo zenye maana kwetu.

Ya kwanza ni unene. Maganda mengi ya kijeshi ya 7.62 yana kuta nene kuliko ya kiraia, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo. Baruti ya kipimo kilekile ikiwekwa humo, shinikizo hupanda. Ya pili ni chemba. Chemba za kijeshi huruhusiwa kuwa ndefu kidogo ili bunduki iendelee kula risasi chafu zilizotoka kwenye matope. Ganda jembamba la kiraia ndani ya chemba ndefu hulazimika kunyooka, na hapo ndipo pete ya mwanga inapoanza (tazama swali lake hapa chini).

Kuhusu kupiga mbali: risasi ya kawaida ya kijeshi ilitengenezwa imwangushe adui. Kupanga matundu kwenye karatasi haikuwa kazi yake. Ukipata kundi zuri la matundu, furahi, lakini usilitegemee.

Namba ndogo kwenye pakiti ni ya nini?

Ni namba ya toleo. Risasi za toleo moja zimetumia baruti ya pipa moja, fataki za kundi moja na maganda ya mashine moja. Toleo likibadilika, jina na picha ya pakiti hubaki vilevile, ila kasi inaweza kuhama. Nunua za toleo moja za kukutosha msimu mzima, au angalau usichanganye matoleo mawili siku moja ya mashindano. Ushauri huu hauhitaji kifaa chochote, na bado ndio unaopuuzwa kuliko yote. Watu wako radhi kununua darubini mpya kuliko kusoma ubavu wa pakiti.

## Kulisoma ganda

Nianze kuangalia wapi?

Panga maganda kwa mfuatano uliopiga, yasimame kwenye kisanduku chenye vitundu. Ganda la tisa liwe la tundu la tisa. Halafu shuka nalo: mdomo umepasuka? Shingo ina masizi kiasi gani, na yamefika bega au mwili? Mwilini kuna pete? Kitako kina alama inayong'aa? Fataki imekaaje? Tumia mwanga wa jua wa pembeni, kwa sababu taa ya juu hufuta mikunjo.

Masizi kidogo shingoni ni ya kawaida. Yakishuka hadi mwilini, ganda halikuziba vizuri: aidha shinikizo lilikuwa dogo, au shingo imekuwa ngumu na haitanuki upesi.

Kuna pete inayong'aa karibu na kitako. Ni hatari?

Inaweza kuwa hatari kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo tuchukue muda.

Kwenye ganda lisilo na ukingo, kama la .308, kinacholizuia lisiingie ndani zaidi ni bega lake kugota mbele ya chemba. Ikibaki nafasi kati ya kitako na uso wa bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), mambo huenda hivi: pini inagonga fataki na kulisukuma ganda mbele. Baruti inawaka. Kuta nyembamba za mbele zinatanuka kwanza na kushika chemba. Kitako ni kinene, hakishiki, kwa hiyo kinasukumwa nyuma hadi kwenye bolti. Mbele kumeshikwa, nyuma kunakwenda, na shaba iliyo katikati inavutika na kuwa nyembamba. Hapo ndipo pete hujitokeza, milimita chache juu ya kitako solidi, ikizunguka ganda zima. Ganda likijazwa na kutumika tena, na bega lake likasukumwa nyuma kupita kiasi wakati wa kulirudisha umbo, mvutano hurudiwa. Mwisho wake ni ganda kukatika vipande viwili, na gesi ikirudi nyuma hutafuta jicho.

Si kila pete ni mbaya. Kuna mstari wa kawaida unaotokea pale ambapo ganda linachomoza nje ya kuta za chemba, na mwingine huachwa na kifaa cha kurudishia umbo. Kutofautisha, chukua klipu ya karatasi, inyooshe, kisha pinda ncha yake kama ndoana ndogo na uinoe kidogo. Ingiza ndani ya ganda hadi chini, iegemeze ukutani, kisha ivute polepole kwenda juu. Ganda zima litaiacha ncha iteleze bila kikwazo. Ganda lililovutika litainasa ncha: utahisi inatumbukia kwenye mfereji, kisha inaruka kutoka. Ukihisi hivyo kwenye moja, liponde kwa koleo lisirudi kwenye mzunguko, na mengine ya kundi hilo yapime yote.

Ikitokea kwenye risasi mpya za kiwandani, acha kupiga. Mpelekee fundi bunduki apime nafasi ya chemba kwa geji.

Shingo zinapasuka kabla hata sijapiga. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni kisa cha zamani. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza nchini India lilikuta risasi zake zikipasuka maghalani wakati wa masika. Ziliitwa nyufa za msimu, kwa sababu zilikuja na mvua na kuondoka nayo. Mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson ndio waliotoa maelezo kamili: amonia. Risasi zilihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, mkojo wa farasi ukatoa amonia, unyevu wa masika ukaibeba, nayo ikala shaba mahali ilipokuwa na mkazo wa ndani uliobaki kiwandani.

Dawa ilikuwa kupasha ganda moto baada ya kulifinyanga, ili mkazo utulie. Ukiona shingo ya risasi ya kijeshi ina rangi ya bluu na kahawia kama mafuta juu ya maji, hicho ni kielelezo cha kupashwa moto. Si kasoro. Viwanda vingi vya kiraia hufanya kazi ileile kisha huing'arisha rangi hiyo kwa sababu wanunuzi huirudisha dukani wakidhani ni bidhaa iliyoungua.

Kwa hiyo usihifadhi risasi banda moja na mbolea, kuku au mbuzi, na soma swali la kung'arisha.

Shingo ikipasuka baada ya kupigwa mara kadhaa je?

Huo ni uchovu. Kila mara shingo inapotanuka na kubanwa tena, shaba inakakamaa. Shingo ngumu hushika kichwa kwa nguvu tofauti na jirani yake, kasi inatofautiana, na matundu yanaanza kupanda na kushuka siku nyingi kabla ufa haujaonekana. Kupasha moto shingo na bega hurudisha ulaini, lakini moto usifike kitakoni kamwe. Kitako kilicholainika hakiwezi kuhimili shinikizo, na hakuna njia ya kukirudishia ugumu wake nyumbani.

Fataki imekuwa bapa. Shinikizo limezidi?

Labda. Fataki bapa peke yake ni shahidi dhaifu: fataki laini hubonyea kwa shinikizo la kawaida, na hata nafasi ikizidi nyuma ya ganda, fataki hutoka kidogo kisha hugandamizwa tena na kuonekana bapa. Tafuta mashahidi wa pili. Bolti ilikuwa nzito kuinua? Kitako kina duara au mstari unaong'aa, pale shaba ilipobonyezwa kwenye tundu la kitemeshi, yaani pini ya bolti inayorusha ganda nje? Kuna pete nyeusi kuzunguka fataki, dalili ya gesi kuvuja? Fataki imelegea, au imeanguka yenyewe? Mawili kati ya hayo yakitokea pamoja, weka bunduki chini kwa siku hiyo.

Kikombe cha fataki, yaani shimo la kitako linaloishika, kikilegea hakitengenezeki. Kitako kimetanuka na ganda limekufa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya baadhi ya watengenezaji, Lapua ya Finland ikiwemo, kutoa maganda ya kaliba ya 6.5 Creedmoor yenye kikombe kidogo cha fataki: shaba inayobaki kuzunguka tundu ni nyingi, kwa hiyo hukawia kulegea.

Bolti inakuwa nzito kufungua, lakini alama nyingine sizioni.

Angalia vitu rahisi kwanza: mchanga chembani, mafuta yaliyoganda, au ganda refu kupita kiasi. Ganda hurefuka kila linapotumika na kurudishwa umbo. Mdomo ukifika mwisho wa chemba, hubanwa juu ya kichwa, kichwa kinashindwa kutoka kirahisi na shinikizo linaruka. Pima urefu kwa kalipa, ukate uliozidi. Kama tatizo huja mchana tu na asubuhi halipo, ruka hadi swali la joto.

## Hali ya hewa na utunzaji

Naishi Mombasa. Risasi zimeota ukijani ndani ya miezi michache.

Chumvi ya bahari, unyevu na jasho la mikono ndivyo vilivyokuletea. Ukijani mwepesi unaofutika kwa kitambaa kikavu hauna neno. Ukiufuta ukakuta vishimo, ganda limeliwa, usilipige. Vivyo hivyo ukiona mabaka ya waridi: zinki imetoka na kuacha shaba nyekundu tupu, isiyo na nguvu.

Adui mwingine anayesahaulika ni kifuko cha ngozi. Ngozi iliyotiwa dawa huwa na asidi, na risasi zinazokaa humo huota ukijani haraka kuliko zilizoko kwenye pakiti ya karatasi. Kifuko cha ngozi kinapendeza kwenye picha. Pwani, tumia kopo la chuma lenye mpira wa kuziba na vifuko vya kunyonya unyevu, uliweke ndani ya kabati la chuma ambalo sheria inalitaka.

Naweza kuzing'arisha kwa dawa ya shaba ya dukani?

Hapana, kama ina amonia, na nyingi za aina hiyo zinayo. Utakuwa unarudia kisa cha India jikoni kwako. Maganda matupu yaoshe kwa maji ya moto yenye sabuni na tone la siki au ndimu, yasuuze sana, yakaushe. Risasi kamili usizitumbukize kwenye chochote. Kitambaa kikavu kinatosha.

Jua kali linabadilisha kweli kasi ya risasi?

Ndiyo. Baruti yenye joto huwaka upesi zaidi, shinikizo na kasi vikapanda. Kiasi hutegemea aina ya baruti, kwani zipo zilizotengenezwa mahsusi zisijali sana joto. Tatizo la wengi wetu lakini si joto la mchana. Ni pakiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari, au risasi iliyokaa dakika mbili ndani ya chemba iliyochemka huku mpigaji akingoja upepo utulie. Risasi hiyo ya pili imeokwa peke yake, na itapanda juu ya wenzake. Weka risasi kivulini, uiingize chemba ukiwa tayari kupiga.

Mtutu umeshika kutu usiku mmoja baada ya kupiga risasi za zamani. Zilikuwa na sumu?

Zilikuwa na fataki za klorati. Zikiwaka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu hewani kama chumvi ya mezani inavyofanya pwani. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu. Inayoiyeyusha ni maji. Pitisha maji ya moto mtutuni siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta. Risasi nyingi za .303 na za 7.62 × 54R za akiba ya zamani ziko kundi hili.

Fataki za zamani zaidi zilikuwa na zebaki. Hizo huufanya mwili wa ganda uwe mkavu na kuvunjika kama biskuti, kwa hiyo ganda lake halitumiki mara ya pili.

## Maganda ya kutumia tena

Sheria inaniruhusu kujaza risasi mwenyewe?

Usibahatishe. Kenya na Tanzania huhesabu risasi kwenye leseni, na kutengeneza risasi ni jambo lenye masharti yake, tofauti na kumiliki bunduki. Uliza ofisi iliyokupa leseni, upate jibu la maandishi, kabla ya kununua hata kifaa kimoja. Majibu ya sehemu hii yanawahusu wanaoishi panaporuhusiwa, kama Watanzania na Wakenya wengi walioko Marekani na Uingereza. Vipimo vya baruti hatutoi. Hivyo hutoka kwenye vitabu vya watengenezaji wa baruti, toleo la sasa, si kwa rafiki.

Ganda moja litumike mara ngapi?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na anayekupa namba moja bila kukuuliza lolote anakudanganya. Ganda la .303 kwenye Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza, yenye chemba pana linaweza kuonyesha pete likiwa bado changa. Ganda zuri la .308 linalopigwa kwa shinikizo la wastani, likasukumwa bega kiasi kidogo tu na kulainishwa shingo kwa wakati wake, hudumu kwa muda mrefu sana. Ganda huamuliwa na hali yake: pete, kikombe cha fataki, shingo, urefu. Andika kwenye kisanduku limepigwa mara ngapi, na yote ya kisanduku kimoja yaende pamoja.

Kwa nini baadhi ya maganda yana tundu moja ndani na mengine mawili?

Yenye tundu moja katikati ni ya mtindo wa Boxer, yenye matundu mawili madogo ni ya Berdan. Edward Boxer alikuwa Mwingereza, Hiram Berdan Mmarekani, na wote walileta mitindo yao miaka ya 1860. Historia ina mizaha yake: leo Marekani hutumia Boxer karibu kote, na Berdan ndiye aliyehamia Ulaya na majeshi ya Mashariki. Kwa mtumiaji, Boxer husukumwa fataki yake nje kwa sindano kupitia tundu la katikati. Ukiisukuma hivyo Berdan, utavunja sindano.

Maganda yenye mkanda, kama .375 H&H, yana tatizo gani?

.375 H&H ya 1912 inajulikana sana kwa wawindaji wa Tanzania, na .300 H&H iliifuata 1925. Mkanda wa kitakoni ndio unaogota chembani badala ya bega, kwa hiyo bega linaweza kuachwa na nafasi kubwa mbele na ganda likanyooka sana mara ya kwanza tu. Pete huja juu kidogo ya mkanda. Jaribio la klipu ni lilelile.

Nipange maganda kwa uzito?

Ukitaka, lakini kitu chenye maana ni nafasi ya ndani, na uzito huikaribia tu. Tofauti ya uzito inaweza kuwa iko kwenye mfereji wa kitako, ambako haiathiri chochote. Nimeona watu wakipima maganda kwa mizani ya sonara, kisha wakayachanganya ya viwanda vitatu kwenye kisanduku kimoja. Anza na kutochanganya.

Nikipaka grisi, ganda litatoka vizuri zaidi?

Litatoka vizuri mpaka siku litakapokutoa. Ganda linatakiwa lishike kuta za chemba. Likiwa na mafuta haliwezi, na mzigo wote unaangukia bolti.

Camp Perry, Ohio, 1921, risasi za mashindano ya kitaifa zilikuwa na vichwa vilivyopakwa bati ili kupunguza uchafu mtutuni. Bati likajiunga na shaba ya shingo kama limelehemiwa, kichwa kikawa kigumu kutoka. Wapigaji wengi nao walikuwa na mazoea ya kuchovya risasi kwenye grisi. Viwili hivyo vilipokutana, shinikizo lilifika kiwango cha kuharibu bunduki za Springfield zilizokuwa nzima asubuhi. Kopo la grisi likapigwa marufuku.

## Bunduki au risasi?

Fundi anasema bunduki ni nzima, muuzaji anasema risasi ni nzima. Nimwamini nani?

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na huo ndio ugumu wake. Mfano mashuhuri ni bunduki ya Ross ya Kanada. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa bingwa wa shabaha, ikashinda tuzo kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza. Chemba yake ilikuwa imebana, kwa risasi safi za vipimo vya uangalifu. Mwaka 1915 huko Ypres, Wakanada wakapewa risasi za .303 za Waingereza zilizotengenezwa kwa haraka ya vita, vipimo vikicheza. Lee-Enfield yenye chemba pana ilizimeza bila shida. Ross ikakwama, wanaume wakipiga mpini wa bolti kwa buti kuufungua, huku Wajerumani wakija. Kichwa cha bolti nacho kilikuwa na kasoro yake, na matope hayakusaidia. Wanajeshi wakaanza kuokota Lee-Enfield za waliokufa, na 1916 Ross ikaondolewa mstari wa mbele.

Kila kimoja peke yake kilikuwa ndani ya kile kilichokusudiwa. Kwa hiyo kabla hujabadilisha bunduki au muuzaji, badilisha kitu kimoja tu: piga risasi zilezile kwenye bunduki ya mwenzako ya kaliba ileile, kisha risasi zake kwenye yako. Tatizo litamfuata mwenyewe. Bisley kwa miaka mingi wameendesha mashindano kwa risasi za kugawiwa, wote wakipiga za aina moja, na timu za Kenya zinazokwenda huko hulijua hilo. Unabaki kulaumu upepo.

## Mambo ya nadra

Nimevuta kifyatulio, nikasikia "klik" tu.

Usifungue. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 bila haraka, kisha fungua bolti uso wako ukiwa kando. Baruti iliyochelewa kuwaka ipo. Ukitoa risasi, tazama alama ya pini. Ikiwa ya kina na sawa na nyingine, fataki ndiyo mbovu. Ikiwa hafifu, angalia chemchemi ya pini au grisi nzito iliyoganda ndani ya bolti.

Risasi imetoa mlio mdogo kuliko kawaida.

Simama hapo hapo. Usiingize nyingine. Huenda kichwa kimebaki katikati ya mtutu, na kichwa cha pili kikikikuta kitapasua mtutu. Toa bolti, chungulia mwanga kutokea nyuma.

Ganda limekatika, kipande cha mbele kimebaki chembani.

Dalili ni kwamba bolti imetoka na kitako kifupi, na risasi inayofuata haiingii hadi mwisho. Usiilazimishe. Fundi ana kifaa kinachoingia kwenye kipande na kukivuta kutoka nyuma. Bisibisi itakuchubua chemba, na chemba yenye mkwaruzo itakamata kila ganda litakalofuata. Baada ya hapo, risasi zote za pakiti ile zipimwe kama ilivyoelezwa kwenye swali la pete.

Nimeokota risasi za zamani shambani. Zinapigika?

Swali hili hutoka sana Taita-Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana kuanzia 1914, na ardhi ya Salaita bado inatema mabaki. Ganda lenye mwaka wa 1915 kitakoni limekaa ardhini zaidi ya karne, shaba imeliwa kutoka nje na fataki kutoka ndani. Usiipige, usiifungue, usiigonge uone kama bado nzima, na usiiweke dirishani kama pambo. Ikiwa ni ganda tupu, ni historia. Ikiwa bado ina kichwa, iache ilipo, weka alama, wazuie watoto, na uwaite polisi.